Maji kwenye konekta: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya redio za jamii

Kwa: Wizara yenye dhamana ya habari, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wakurugenzi wa halmashauri za wilaya zote zenye redio ya jamii.

YAH: REDIO ZA JAMII KUZIMIKA KWA SABABU ZINAZOZUILIKA

Waheshimiwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kila tarehe 13 Februari, Siku ya Redio Duniani, hotuba husomwa na picha hupigwa. Hatuna ugomvi na hotuba. Barua hii inahusu yale yanayotokea juu ya mnara siku 364 zilizobaki, maana huko ndiko redio ya wilaya inakofia. Na mara nyingi inakufa kwa kitu kidogo mno: konekta (kiungio cha waya wa antena) iliyoingia maji, feni ya shilingi chache, waya wa ethi, ule unaopeleka radi ardhini, uliokatwa na jembe. Mkutano ukikaa kujadili, jibu huwa “tuombe mtambo mkubwa zaidi”. Ndilo jibu ghali kuliko yote, na mara nyingi si jibu.

Kwanza tuseme kwa nini jambo hili lifike mezani kwenu mwaka huu, si mwaka wa wafadhili. Tarehe 4 Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Siku nane baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu na intaneti ya sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikayumba. Ndani ya wiki mbili barabara na intaneti zote zilitikisika. Mtambo wa FM hauhitaji waya wa baharini. Unahitaji umeme, antena na mtu mwenye kipaza sauti, basi.

Kuna hesabu nyingine ambayo haizungumzwi. Kusikiliza redio kwa intaneti kwa kiwango cha kilobiti 64 kwa sekunde hula takribani MB 29 kwa saa. Anayesikiliza saa 4 kwa siku atamaliza kama GB 3.5 kwa mwezi, na bando analipa yeye mwenyewe. Wasikilizaji wakiongezeka, gharama inaongezeka pande zote mbili. Mtambo wa wati 300 hutumia umeme uleule, akiwa anasikiliza mtu mmoja au wakiwa laki moja. Mwenye kitochi anachomeka waya wa masikioni, ambao ndio antena yake, na anapata taarifa ya habari bila salio. Kwa hiyo tunaiomba TCRA, inapoidhinisha aina za simu za kuingizwa nchini, iangalie pia kama redio ya FM imewashwa ndani yake. Simu janja nyingi zinauzwa bila huduma hiyo, na mnunuzi hugundua akiwa ameshafika kijijini.

Sasa tuje kwenye mnara.

Mawimbi ya FM, yaani masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108, husafiri karibu sawa na jicho linavyoona. Hayapindi sana nyuma ya kilima. Antena ikiwa mita 30 kutoka ardhini, na redio ya msikilizaji iko kwenye kimo cha mita 2, upeo katika nchi tambarare ni kama kilomita 28. Ukiipandisha antena hadi mita 60, upeo unafika kama kilomita 38. Eneo linaloguswa linakaribia kuwa mara mbili, na hujaongeza hata wati moja. Kinyume chake, ukiacha antena pale pale na kutoka wati 300 kwenda 600, umeongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu). Sikio la msikilizaji wa kawaida halitaona tofauti kubwa, lakini bili ya umeme itaiona. Ndiyo maana tunasema: kabla ya kununua nguvu, nunueni kimo.

Na kimo kipo tayari, kimeshalipiwa. Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713. Minara ya simu huwa na uzio, ulinzi na umeme wa akiba wa volti 48 wenye betri zake. Antena ya FM ya dipoli mbili inahitaji nafasi ya wima ya mita kama tano na uzito wa kilo chache. Kinachotakiwa ni kifungu kimoja ndani ya mkataba: mnara unaojengwa kwa fedha za Mfuko utenge nafasi ya antena moja ya redio ya jamii, na sehemu ya kuweka mtambo chini yake, kwa kodi inayolingana na uwezo wa redio ya wilaya. Mhandisi atataka kujua mzigo wa upepo, na kama mawimbi ya FM hayataingilia vifaa vya simu. Ni maswali halali, na yanajibiwa kwa umbali wa mita chache kati ya antena na kwa chujio zuri la kuzuia mawimbi yasiyotakiwa kwenye mtambo. Hakuna muujiza hapo. Si kila mnara utafaa, kwa sababu mingine imejengwa bondeni ili ihudumie kijiji kimoja. Lakini mmoja ulio juu ya kilima unatosha wilaya nzima.

Kutoka kwenye mtambo kwenda kwenye antena kuna waya, na hapa ndipo fedha inapovuja bila mtu kuiona. Waya mwembamba wa RG-213, ambao ndio unaopatikana dukani, ukiwa na urefu wa mita 50 hula karibu nusu ya nguvu katika masafa ya megahezi 100. Unaweka wati 300 chini, juu zinafika kama 150. Waya mnene wa nusu inchi, kwa urefu uleule, hupoteza kama robo tu au pungufu. Tofauti ya bei kati ya nyaya hizi mbili ni ndogo kuliko bei ya kuongeza mtambo. Bado zabuni nyingi huandika “waya wa antena, mita 50”, nukta. Andikeni aina ya waya na upotevu unaokubalika kwa desibeli, la sivyo mtaletewa ule wa bei ya chini, na aliyeuleta atakuwa hajavunja mkataba.

Halafu konekta. Turuhusuni tukae hapa kidogo, maana kifaa hiki cha ukubwa wa kidole gumba kimezima redio nyingi kuliko radi.

Konekta iliyoachwa bila mkanda hupata joto mchana, hewa ya ndani ikatanuka na kutoka. Usiku chuma kinapoa, hewa inanywea na kuvuta unyevu kupitia nyuzi za nati. Masika moja, masika mbili, shaba imegeuka kijani. Pwani na visiwani chumvi huharakisha. Mawimbi yakifika pale hayapiti yote, mengine yanarudi chini kwenye mtambo. Mafundi hupima hali hii kwa uwiano wa mawimbi, ambapo 1 kwa 1 maana yake hakuna kinachorudi. Uwiano ukiwa 1.5 kwa 1, asilimia 4 ya nguvu inarudi. Ukiwa 2 kwa 1, asilimia 11. Ukifika 3 kwa 1, asilimia 25. Mtambo wa kisasa ukiona hivyo hujipunguza wenyewe ili usiungue. Watangazaji studio wanasikia sauti safi kwenye spika yao na hawajui lolote. Kule kwenye vijiji vya mwisho watu wanasema “redio imehama”. Mtambo wa zamani usiojilinda huendelea kusukuma hadi transista za nguvu zinaungua, na hapo ndipo andiko la maombi ya mtambo mpya linapoanza kuchapwa.

Dawa yake inahitaji saa mbili na siku kavu. Zimeni mtambo kabisa, si kupunguza sauti, na fundi abaki na ufunguo wa swichi mfukoni mwake. Konekta ifunguliwe, waya ukatwe nyuma hadi shaba inayong’aa ionekane, na konekta mpya ifungwe. Kisha uje mkanda. Tabaka la kwanza ni mkanda wa kawaida wa umeme, ili siku ya kufungua kazi iwe nyepesi. Tabaka la pili ni mkanda wa mpira unaojishika wenyewe, uvutwe hadi upana wake upungue karibu nusu, ukizungushwa kuanzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Ni kanuni ileile ya kuezeka makuti: la juu hulalia la chini, maji yateremke. Tabaka la tatu ni mkanda mweusi unaostahimili jua. Mwisho, waya unapoingia dirishani studio, uachiwe kitanzi kinachoning’inia chini ya tundu, ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya hadi nyuma ya mtambo. Vifaa vyote hivi vinaingia kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Radi nayo ina sababu zake. Mnara wenye fimbo moja ya shaba iliyopigwa kwenye udongo mkavu hauna ethi, una pambo. Zinatakiwa angalau fimbo tatu za mita 2.4 kila moja, zikitengana kwa umbali usiopungua urefu wake, zikaunganishwa kwa shaba nene. Ukinzani usizidi omu 10, na ukipata 5 ni bora. Upimwe mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa umekauka kabisa, kwa sababu kipimo cha wakati wa masika hudanganya. Kosa kubwa zaidi ni kuwa na ethi mbili: moja ya mnara, nyingine ya umeme wa jengo, zisizounganishwa. Radi ikipiga, ardhi ya upande mmoja hupanda volti maelfu juu ya ile nyingine, na njia iliyobaki kati yao ni mtambo, mixa (kifaa cha kuchanganya sauti) na kompyuta. Mnara, ganda la waya wa antena, kabati la mitambo na umeme wa jengo vyote vifungwe kwenye ethi moja.

Umeme. Mtambo wa wati 300 wenye ufanisi wa asilimia 60 hula kama wati 500. Studio yenye mixa, kompyuta mbili, taa na feni huongeza kama 250. Jumla wati 750. Kwa saa 16 kwa siku ni uniti 12. Kwa sola, ukihesabu saa nne na nusu za jua kamili na upotevu wa robo, unahitaji paneli za kilowati 3.6 hivi, yaani 8 za wati 450. Ili redio ipitishe siku moja bila jua, betri za lithiamu zinahitajika za kilowati-saa kama 15. Betri za risasi zisizotakiwa kushuka chini ya nusu zinahitajika za kilowati-saa 24, ambazo kwa mfumo wa volti 48 ni betri 12 za volti 12 na Ah 200. Tunaandika namba hizi kwa sababu misaada mingi ya sola huja na betri nne na picha ya pamoja. Betri nne zikifanya kazi ya kumi na mbili zinakauka mapema, halafu inasemekana sola haifai.

Wilaya isiyoweza mfumo mzima ianze na mfumo wa dharura. Punguzeni mtambo hadi wati 100, studio ibaki na kipaza sauti kimoja, mixa ndogo na taa moja. Matumizi yanashuka hadi wati 250 hivi, ambazo ni uniti 6 kwa saa 24. Vijiji vya pembezoni vitapotea, lakini mji na vijiji vya jirani vitabaki hewani usiku kucha wakati wa kimbunga. Hiyo ndiyo redio ya kiwango cha chini ambayo kila kamati ya maafa ya wilaya inapaswa kuwa nayo.

Kwa watangazaji wenzetu pia tuna neno. Wapo wanaopandisha sauti ya mixa hadi taa nyekundu ili “redio yetu isikike kuliko ya jirani”. Masafa ya FM hutikisika kwa kufuata sauti, na kikomo chake ni kilohezi 75 kila upande. Ukizidisha, sauti inakwaruza na unamwagikia masafa ya mwenzako. Na mitambo ya bei rahisi isiyo na chujio ni hatari zaidi, kwa sababu juu tu ya megahezi 108 yanaanza masafa ya ndege. Hapa tuko upande wa mkaguzi wa TCRA, aje na azime.

Tuje kwenye kile mnachotuletea tukitangaze. Angalizo la hali ya hewa huandikwa hivi: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 katika ukanda wa pwani. Ni sahihi kisayansi. Likifika kama faili kwenye simu saa 4 asubuhi, nahodha aliyetoka alfajiri yuko tayari maji makuu. Uamuzi wa kwenda baharini hufanywa jioni, wakati wa kutengeneza nyavu na kununua mafuta, na mara ya pili kabla ya adhana ya alfajiri. Kwa hiyo taarifa iwe studio kabla ya saa 11 jioni, isomwe saa 12, saa 2 usiku, saa 4, kisha saa 10 na saa 11 alfajiri. Na isomwe kwa lugha ya mwenye ngalawa:

“Kuanzia usiku huu saa 6 hadi kesho saa 12 jioni, kusi litakuwa kali na wimbi litafika kimo kinachozidi cha mtu mzima. Mitumbwi na ngalawa msitoke. Boti za injini msivuke mwamba. Taarifa hii imetoka Mamlaka ya Hali ya Hewa leo saa 9 alasiri. Tutairudia saa 2.”

Ina saa ya kuanza na ya kwisha, chombo gani kifanye nini, imetoka wapi, itarudiwa lini. Ikikosa kimoja, simu za studio zitaita hadi usiku. Zipo ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na wasikilizaji wengi hawazitofautishi kwa jina. Elezeni kwa tendo. Tunaomba pia kila halmashauri iteue maofisa wawili tu wenye ruhusa ya kutoa tangazo la dharura, na namba zao zibandikwe ukutani studio. Mtangazaji hupiga simu kuthibitisha kabla ya kusoma, hata kama ujumbe una nembo, kwani nembo siku hizi yeyote anaweza kuibandika.

Na matangazo hayo yana gharama. Redio ya jamii haitakataa kusoma habari ya kipindupindu au chanjo kwa sababu ya ankara, na pengine ndiyo maana ankara hailipwi. Wekeni kasma ya muda wa hewani kwenye bajeti ya halmashauri, dakika zihesabiwe, malipo yafanyike ndani ya siku 30. Mafuta ya jenereta hayakopeshwi kwa neno “tutaangalia robo ijayo”.

Nchi hii imewahi kuonyesha redio inavyofanya kazi ikipangwa. Mwaka 1973 kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2. Redio peke yake isingefika hapo. Yalikuwapo makundi ya kusikiliza pamoja, kijitabu mkononi, kiongozi wa kundi aliyefundishwa, na baada ya kipindi watu walitoka kwenda kuchimba choo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Siku hizi tunapewa sauti ya sekunde 30 iliyorekodiwa mbali, tunaambiwa tuirushe mara kumi kwa siku, kisha ripoti inaandika “jamii imeelimishwa”. Rudisheni makundi. Redio moja yenye spika nzuri kwa kila kitongoji, kipindi cha nusu saa siku moja kwa wiki, na mtu wa kuandika maswali yatakayojibiwa wiki inayofuata. Gharama yake haifiki ya semina moja hotelini.

Kila redio iwe na fundi wake mmoja aliyefunzwa, mwenye mkanda wa kupandia mnara, mita ya wati, mzigo bandia (kifaa cha kupimia mtambo bila antena) na mita ya umeme. Kila redio iwe na kisanduku cha akiba: konekta mbili, waya mita 5, mikanda ya aina zote tatu, feni mbili, fyuzi, kizuia radi, pawasaplai moja ya ziada, na mtambo mdogo wa wati 30. Huo mdogo peke yake unaweza kuuhudumia mji wa wilaya wakati mkubwa uko kwa fundi. Vichujio vya feni visafishwe kila mwezi, na kwenye vumbi la Simanjiro au Loliondo kila wiki.

Kazi za mnarani haziwezekani wakati wa mvua. Vuli huanza Oktoba. Kwa hiyo ukaguzi wa konekta, kipimo cha ethi na kukaza kamba za mnara ufanyike mwezi Septemba, na fedha yake iwe imetoka Agosti. Mwaka wa fedha unaanza Julai, muda upo. Tuko tayari kuleta orodha ya vipimo vya kila mnara, mmoja mmoja, siku mtakayotuita.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mafundi na watayarishaji wa vipindi wa redio za jamii